Chemirocha: Mtu wa Reli Aliyeuza Pumzi Zake

Juma lililopita bwana mmoja alinisimamisha karibu na kituo cha mabasi akaniuliza kwa nini katika mazungumzo haya sigusii kamwe muziki unaopendwa na watu wengi hapa mjini, yaani ule wa Wazungu wa mashambani kule Marekani, wenye gitaa na kofia pana. Nikamjibu kwamba muziki huo una watangazaji wake. Akacheka. "Hao wanatuchezea tu," akasema. "Historia yake atatuambia nani?"

Nilipofika nyumbani niliona kwamba bwana yule alikuwa na haki. Leo nitamlipa deni lake, ila nitaanzia mahali ambapo huenda hakupatarajia. Nitaanzia Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, upande wa Kericho.

Mwaka 1950 alifika Kapkatet Mwingereza mmoja aitwaye Hugh Tracey. Huyu alikuwa akizunguka Afrika na mashine ya kunasia sauti, akikusanya nyimbo za wenyeji kabla hazijapotea. Wakipsigis walimpigia chepkong, ile zeze yao ya nyuzi ambayo wazee wake wanazidi kupungua, wakamwimbia. Miongoni mwa nyimbo alizozinasa zilikuwamo tatu zenye jina moja: Chemirocha. Wa tatu uliimbwa na wasichana, wakiongozwa na binti aitwaye Chemutoi Ketienya, na aliyewahi kuusikia hausahau upesi. Tracey alielezwa kwamba wasichana wanamwalika huyo Chemirocha aje acheze nao, aruke kwa nguvu hata nguo zimvuke mwilini. Na Chemirocha ni nani? Akaambiwa ni kiumbe, nusu mtu nusu swala.

Sasa msomaji, litamke jina hilo polepole. Che-mi-ro-cha. Litamke tena, na safari hii punguza ile "che" ya mwanzo. Ndiyo, ni Jimmie Rodgers.

Inaelezwa kwamba wamisheni wa Kiingereza walikuja sehemu zile na gramafoni, na kati ya sahani zao zilikuwamo za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani. Watu wakasikia sauti ya mtu ikitoka kwenye sanduku, mtu asiyeonekana, akiimba na kulia na kupiga gitaa, na katikati ya wimbo sauti inaruka juu kama ya mnyama. Wako wanaosimulia kisa hiki ili watucheke. Mimi sioni cha kuchekesha, na wala sina hakika kwamba wasichana wale waliyaamini yote waliyomwambia mgeni. Vijana wetu hawakuanza jana kutania. Lakini jambo moja ni la kweli: wakati wasichana wa Kapkatet walipokuwa wakimwita Chemirocha aje acheze, mwenye jina alikuwa kaburini kwa miaka kumi na saba. Kucheza hasa hangeweza hata angekuwa hai, kwa sababu mapafu yake yalikuwa yamekwisha.

Jimmie Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, na kwao ni Meridian, mji wa reli katika jimbo la Mississippi. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Baba yake, Aaron, alikuwa nyapara wa kikosi cha kutengeneza njia ya reli, na kazi hiyo ilimfanya ahamehame na mwanawe. Kijana hakupata shule ya maana. Shule yake ilikuwa reli yenyewe, alikoanza kwa kuwabebea maji wafanyakazi.

Wafanyakazi hao wa njia walikuwa watu weusi. Tukumbuke kwamba tunazungumzia Mississippi ya wakati wa ubaguzi, ambako mtu mweusi hakuketi behewa moja na Mzungu. Lakini mtaruma wa reli ni mzito, na chuma chake kizito zaidi, na watu hawawezi kusogeza chuma kwa pamoja bila wimbo wa kuwapa mpigo. Mmoja huanzisha, wenzake huitika, na katika kuitika ndipo mitaimbo inapoinuka. Mtoto wa nyapara akasimama na ndoo yake akasikiliza. Kwa watu hao alipata ile namna ya kuimba shida ambayo Wamarekani weusi huiita bluzi: unausema mstari wa kwanza, unaurudia, kisha wa tatu unajibu. Katika sahani zake nyingi utausikia mpango huo huo.

Baadaye akawa mtu wa breki. Marehemu mjomba wangu alikuwa gadi wa treni za mizigo kati ya Nakuru na Kisumu, na alikuwa akinieleza kazi hiyo ilivyokuwa zamani, kabla breki za hewa hazijaenea kila mahali. Mtu wa breki alipanda juu ya mabehewa treni ikiwa mwendoni, akakimbia toka behewa hadi behewa akizungusha magurudumu ya breki kwa mkono, mvua inyeshe au baridi ikate. Kisha hukaa saa nyingi katika moshi wa makaa. Mjomba alisema watu wa kazi hiyo walikufa kwa njia mbili, kuanguka au kukohoa.

Rodgers alikohoa. Mwaka 1924, akiwa hajafikisha miaka thelathini, alitokwa na damu mapafuni na madaktari wakamwambia ni kifua kikuu. Wakati huo alikuwa na mke, Carrie, aliyemwoa mwaka 1920, na binti mmoja, Anita. Binti wa pili, June, alikuwa amekwisha kufa akiwa mchanga, mwezi Desemba 1923. Baba yake alikuwa safarini akitafuta riziki, na husimuliwa kwamba ilimbidi aiweke banjo yake rehani ili apate nauli ya kurudi kumzika mtoto.

Katika mwaka 1924 ugonjwa huo haukuwa na dawa. Daktari aliweza kukushauri upumzike, ule vizuri, ukae penye hewa kavu. Mtu mwenye fedha alikwenda kulala mlimani mwaka mzima. Mtu wa reli alipumzika majuma machache, akarudi kazini, akaanguka tena. Hatimaye reli ikamshinda, na hapo ndipo alipoamua kwamba atakula kwa kuimba. Liangalie vizuri jambo hili. Mtu anaambiwa mapafu yake yanaoza, naye anachagua kazi inayofanywa kwa mapafu.

Mwanzo ulikuwa mgumu, na si wote wa kujivunia. Alizunguka na wauza dawa za barabarani, wale wanaokusanya watu kwa ngoma kisha wakawauzia chupa, na alijipaka masizi usoni kuigiza mtu mweusi, kama ilivyokuwa desturi ya maonyesho ya siku zile. Ndiyo, watu wale wale waliomfundisha kuimba. Nalitaja kwa sababu ni sehemu ya habari, na mtu anayeipenda sauti yake, kama mimi, halazimiki kulificha.

Mwaka 1927 alikuwa Asheville, jimbo la North Carolina, akiimba katika kituo kidogo cha redio na vijana wachache. Ndipo akasikia kwamba bwana mmoja wa kampuni ya santuri ya Victor, jina lake Ralph Peer, amefungua studio ya muda katika mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia, ghorofani katika jengo la wauza kofia, na kwamba analipa watu waje waimbe. Wakaenda. Usiku wa kuamkia kuimba wakagombana juu ya jina gani liandikwe kwenye sahani, na vijana wakamwacha. Tarehe 4 Agosti 1927 Jimmie Rodgers akaingia peke yake na gitaa lake, akaimba nyimbo mbili, akapokea dola mia moja.

Inafaa kumwelewa huyu Peer, maana bila yeye huwezi kuelewa yaliyofuata. Hakuwa akitegemea mshahara wa Victor. Alitegemea hakimiliki za nyimbo. Kwa hiyo wimbo wa zamani, ambao hauna mwenyewe, haukumfaa. Alitaka nyimbo mpya zenye mtunzi wa kuandikishwa, ili kila sahani ikiuzwa senti zidondoke, nyingine kwa mtunzi na nyingine kwake. Wako wanaomwita mnyonyaji. Labda. Lakini kwa mpango huo Rodgers alipata mrabaha, kitu ambacho waimbaji wengi wa siku zile, na wengi wa kwetu mpaka miaka ya karibuni, hawakukionja. Walilipwa mara moja mlangoni wakaambiwa kwaheri.

Mwezi Novemba mwaka huo huo, bila kuitwa na mtu, Rodgers alipanda treni hadi New York, akachukua chumba cha hoteli, kisha akampigia Peer simu akasema yuko mjini, naye yu tayari kwa nyimbo nyingine. Ujasiri wa mtu asiye na muda! Tarehe 30 Novemba, huko Camden, New Jersey, aliuimba ule ulioitwa "Blue Yodel". Sahani ile iliuzwa kwa mamia ya maelfu. Katika muda wa miezi, mtu aliyeshindwa kulipa kodi ya nyumba akawa anajulikana Marekani nzima.

Waliununua kwa ajili ya ile sauti. Huiita yodeli, na walioivumisha zaidi ni wachungaji wa milima ya Uswisi: unaivunja sauti ghafla, inaruka kutoka kifuani hadi juu kabisa kooni, kama mchungaji anayemwita mwenzake aliye kilima cha pili. Rodgers aliitia yodeli ndani ya bluzi ya watu wa reli. Hata hapo wako waliotangulia kujaribu, lakini kwake ilisikika kama mtu anayecheka akiwa na uchungu. Nadhani Wakipsigis, wachungaji wa tangu jadi, waliitambua mara moja. Hawakuhitaji Kiingereza.

Basi kuanzia hapo ni mbio. Chini ya miaka sita alirekodi nyimbo zipatazo mia moja na kumi. Hakujua kusoma noti za muziki. Shemeji yake, Elsie McWilliams, dada yake Carrie, ndiye aliyemsaidia kutunga na kuandika nyingi, na jina lake halikuonekana kila mahali lilipostahili. Mwaka 1929 alicheza katika filamu fupi. Tarehe 16 Julai 1930, mjini Los Angeles, aliimba "Blue Yodel" ya tisa akisindikizwa na tarumbeta ya Louis Armstrong na kinanda cha Lil, mke wa Armstrong. Jina la Armstrong halikuandikwa kwenye sahani. Mzungu wa Mississippi na mtu mweusi wa New Orleans walipiga muziki pamoja chumba kimoja, lakini karatasi ya sahani ikanyamaza.

Fedha zilikuja, nazo zikaenda. Alijenga nyumba kubwa Kerrville, Texas, kwa kuwa hewa ya huko ilisemekana kufaa wagonjwa wa kifua, na baadaye akalazimika kuiachia. Alinunua magari. Ndugu walikuja na shida zao, wakarudi na fedha zake. Mapema mwaka 1931 alizunguka na Will Rogers, yule mchekeshaji mashuhuri, wakikusanya michango ya waliopatwa na ukame na njaa. Gitaa lake lilikuwa limeandikwa kwa nyuma neno la kushukuru, limepinduliwa juu chini, ili akimaliza wimbo aligeuze na watazamaji wasome "Asante" bila yeye kupoteza pumzi ya kulitamka.

Ugonjwa wake hakuuficha. Mwezi Januari 1931 alirekodi mjini San Antonio wimbo wa bluzi kuhusu kifua kikuu chenyewe, na jina la ugonjwa likawa jina la wimbo. Siku hizo katika vijiji vingi, huko na huku, ugonjwa huo haukutajwa. Ilisemwa ana kikohozi, ana baridi ya kifua, amerogwa. Yeye akaupeleka kwenye gramafoni ukachezwa sebuleni. Mwaka uliofuata akarekodi mwingine, safari hii akijigamba kwamba anaushinda. Hakuwa akiushinda. Nimeisikiliza sahani hiyo mara nyingi na sijaamua kama alikuwa akijidanganya au akitudanganya sisi.

Wakati huo hali ya uchumi ya Marekani ilikuwa imeanguka. Watu walikosa mkate, sembuse sahani. Mauzo yakashuka, madaktari wakadai, na Rodgers alijua kwamba Carrie na Anita watabaki bila kitu. Mwezi Mei 1933 akasafiri kwa meli hadi New York akiwa na muuguzi, kwenda kumwuzia Victor nyimbo nyingine kwa fedha taslimu. Alikuwa na miaka thelathini na mitano.

Kazi ya siku zile studioni siwezi kuisimulia kwa haraka. Waliweka kitanda kidogo. Rodgers aliingia, akaimba wimbo, akaenda kulala. Akipata nguvu, akaamka akaimba mwingine. Tarehe 17 na 18 Mei aliimba nyimbo kadhaa, kisha mwili ukagoma ikabidi apumzike. Tarehe 24 alirudi. Alipata wasaidizi wa kumpigia gitaa, lakini wimbo wa mwisho kabisa aliumaliza kama alivyoanza Bristol, peke yake na gitaa lake. Kwa jumla alitoa nyimbo kama dazeni moja, kila mmoja kwa bei yake, kila mmoja ukiwa ni pumzi aliyoitoa mwilini mwake akaiacha kwenye nta ili mkewe akailipie duka.

Ukisikiliza nyimbo zile bila kuambiwa, huwezi kujua. Sauti imekonda kidogo tu. Yodeli bado inaruka.

Siku iliyofuata alipelekwa Coney Island kupunga hewa ya bahari. Jioni kikohozi kikaanza upya, na alfajiri ya tarehe 26 Mei 1933, katika chumba cha Hoteli Taft, mapafu yakamwaga damu akafa. Mwili ulirudishwa Meridian kwa treni, na husimuliwa kwamba dereva wa garimoshi alipiga king'ora chake kwa sauti ya chini, kirefu, treni ilipokuwa ikiingia mjini usiku. Watu wa reli walikuwa wakingoja kwenye stesheni.

Dawa ilichelewa miaka kumi. Streptomaisini iligunduliwa mwezi Oktoba 1943, katika chuo kikuu kilichoko jimbo lile lile la New Jersey ambako Rodgers alirekodi "Blue Yodel" ya kwanza. Na ile tiba ya miezi sita tu inayotumika duniani leo ilithibitishwa kwa sehemu kubwa katika hospitali za Afrika Mashariki, miaka ya 1970, ambako wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walikubali kufanyiwa majaribio pamoja na madaktari wa Uingereza. Haya siyatoi vitabuni peke yake. Mjomba wangu yule wa treni za mizigo alikohoa damu miaka hiyo hiyo. Alidungwa sindano siku baada ya siku, akalalamika kwamba makalio yake yamegeuka chujio, akapona, akawaona wajukuu. Alikuwa na kifua kibovu na kazi ya reli, sawa na Rodgers. Waliachana mwaka wa kuzaliwa tu.

Jina la Rodgers lilikua baada ya yeye kufa. Carrie alimpa kijana mmoja wa Texas, Ernest Tubb, lile gitaa la mumewe alitumie, naye akawa nyota. Mwaka 1961 jumba la heshima la wanamuziki wa aina hiyo lilipochagua watu wa kwanza kabisa wa kuenziwa, Rodgers alikuwa miongoni mwa watatu. Mwaka 1978 uso wake ukawekwa kwenye stempu ya Marekani. Wote unaowasikia redioni na gitaa zao na majonzi yao ya reli na mapenzi, akina Jim Reeves na waliowafuata, wamepita njia aliyoifyeka yeye.

Lakini nilianza Kapkatet, na huko ndiko ninakorudi. Sahani ile ya wamisheni ilikuwa imebeba nini? Ilikuwa imebeba mpigo uliotoka kwa watu weusi wa reli ya Mississippi, ambao babu zao walichukuliwa kutoka Afrika kwa minyororo. Mtoto wa nyapara akauokota, akautia sauti yake, kampuni ikaufunga kwenye sahani, wamisheni wakaufunga kwenye sanduku pamoja na Biblia, na ukashushwa Kericho. Na Wakipsigis waliposikia, hawakukaa wakapiga makofi kama wageni. Waliuchukua wakautia katika chepkong, wakampa mwimbaji miguu ya swala na jina la kwao. Kwa maoni yangu hakuna tuzo aliyopewa Marekani inayoifikia hiyo.

Sauti alizonasa Tracey zilikaa kwa miaka mingi Afrika ya Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Sahani zikauzwa ng'ambo, watu wa mbali wakaupenda ule wa wasichana, wakauandikia. Kapkatet kwenyewe hakuna aliyeletewa nakala. Imechukua zaidi ya miaka sitini. Katikati ya miaka ya 2010 watu wa maktaba hiyo, wakishirikiana na wanamuziki wa Nairobi, walisafiri hadi nchi ya Wakipsigis wakiwa na nyimbo zile, wakaanza kuuliza nyumba kwa nyumba nani anawakumbuka walioimba. Wengi walikuwa wamekufa. Mmoja wa wanaume walioimba Chemirocha mwaka 1950 walimpata akiwa hai, mzee mkongwe sasa, wakamrudishia sauti yake ya ujana.

Bwana wa kituo cha mabasi, deni langu nimelipa. Tuonane juma lijalo.